Safari ya Kwenda Kutazama Nyumba za Tabora



Katika upande wetu, mume na mke wakionekana barabarani na mzigo mmoja, watu huuliza neno moja tu: "Nani mgonjwa?" Wakiambiwa hakuna mgonjwa, huuliza la pili: "Basi nani amefariki?" Sisi nasi tuliulizwa hivyo na jirani watatu kabla hatujafika penye gari, na tulipojibu ya kwamba hakuna mgonjwa wala msiba, ila tunakwenda Tabora kutazama nyumba, mmoja wao alicheka hata akashika mti. Wala hatumlaumu. Katika miaka 20 ya ndoa yetu tumesafiri pamoja mara nyingi, kwenda hospitali, kwenda kuzika, kwenda kupeleka mahari ya wadogo wetu. Bali kusafiri ili kuona kitu tu, hatukupata kufanya hivyo.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Mvua za mwezi wa Machi ziliangusha ukuta wa jiko letu na upande mmoja wa chumba cha watoto, nasi tukaazimia kujenga nyumba mpya. Tukachukua daftari la mafundisho, tukachora ramani kwa kalamu ya risasi: mbele baraza, kisha sebule kubwa ya wageni, kisha vyumba vitatu, na mabati juu. Tukampa mwenzetu aitazame, yaani mama wa nyumba yetu, ambaye katika habari hii tutamwita hivyo. Akaitazama kwa muda, akasema, "Nzuri, Mwalimu," akaenda zake kuchambua mboga. Kila mtu aliyeoa anajua "nzuri" ya namna hiyo ina maana gani. Siku ya tano ndipo aliposema, "Kabla hujamwita fundi, twende Tabora tukaone nyumba za watu wa zamani, tujue zipi zimesimama na zipi zimeanguka, na kwa nini." Tukaona ni shauri jema. Tukaomba ruhusa kwa Padri, naye akatupa siku nne, akituagiza tusiache kumletea asali.

Tabora tulifikia mtaa wa Cheyo, kwa shemeji yetu. Asubuhi ya kwanza tulidamka, tukashika njia kwa miguu kwenda Kwihara, upande wa kusini-magharibi wa mji. Shemeji alitaka kutuitia pikipiki, lakini tulikataa, kwa sababu tulitaka kuiona njia ya misafara kwa mwendo uleule walioutumia watu wa misafara. Hupita kati ya mashamba na miembe mikubwa. Wazee wa Tabora husema miembe hii ilitokana na kokwa zilizotupwa na wasafiri wa zamani. Na kama ndivyo, basi hao ni watu walioacha kivuli bila kukusudia.

Yafaa tueleze kidogo kwa faida ya wale ambao hawajasoma habari za njia hii. Kabla ya reli, njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika hapa Unyanyembe. Toka hapa iligawanyika, moja ikaenda magharibi mpaka Ujiji penye ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga hapa kituo chao, nacho katika vitabu vya wasafiri wa kwanza chaitwa Kazeh. Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne toka pwani, wakakaribishwa na tajiri wa Kiomani, Snay bin Amir. Leo mtu hupanda basi pwani alfajiri, na usiku hulala Tabora akilalamika kwamba amechoka.

Lakini mizigo haikubebwa na matajiri. Ilikuwa juu ya mabega ya Wanyamwezi, ambao sifa yao ya upagazi ilijulikana toka bahari mpaka maziwa makuu. Mzigo wa mtu mmoja ulikadiriwa kuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na mkeka wake na chakula chake. Wapagazi hao wengi walikuwa watu huru, wakilipwa ujira kwa nguo na shanga. Na katika njia ileile walipitishwa watumwa waliofungwa, ambao hawakulipwa kitu. Msomaji asiwachanganye, maana akiwachanganya atawapokonya wale wa kwanza heshima yao, na wale wa pili machozi yao.

Jambo moja ambalo mwenzetu hakulijua, na lililomfurahisha sana tulipomweleza, ni kwamba wapagazi wa Kinyamwezi mara nyingi walifuatana na wake zao. Wanawake hao walipika kila jioni, walibeba vyungu na watoto, na wengine walibeba mizigo ya ujira pia. "Kumbe si sisi wa kwanza kusafiri wawili katika njia hii," akasema. "Ila wao walikuwa na mizigo." Tukamkumbusha ya kwamba kikapu cha chakula tulikuwa tumekibeba sisi. Akakubali kuwa ni kweli, tangu pale penye mwembe wa pili.

Tukafika Kwihara jua likiwa limeanza kuwa kali. Nyumba tuliyokwenda kuiona ni tembe alilokaa Dakta Livingstone, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Rangi yake ni nyekundu nzito, paa lake ni bapa, na kuta zake ni nene. Mtu aliyezoea nyumba za siku hizi, zenye paa lililoinuka na madirisha makubwa upande wa barabara, huliona kwanza kama nyumba iliyowapa wapitaji mgongo. Kwa kweli ndivyo ilivyo. Uso wa tembe uko ndani.

Ujenzi wake ni huu. Husimamishwa nguzo za mti mgumu, juu yake hulazwa boriti, juu ya boriti hupangwa fito zikisongana, kisha majani, na juu ya yote hupigwa udongo mzito mpaka ushikane. Paa huinamishwa kidogo sana, ili maji yapate njia. Vyumba hupangwa kuzunguka ua, na milango yake hutazama uani. Upande wa nje ukuta hauna matundu ila machache. Watu wa bara walijenga nyumba za msonge, na tembe pia walilijua. Matajiri wa pwani walipokuja walichukua ujenzi huo wa udongo, wakauongezea baraza la kupokelea wageni, ghala za nguo na pembe, na milango ya nakshi kama ya Unguja. Kwa hiyo tembe la Unyanyembe si la Kiarabu tupu, wala si la Kinyamwezi tupu. Ni mtoto wa pande mbili, kama Kiswahili chenyewe tunachokiandika hapa.

Tuliingia ndani toka kwenye jua, tukasikia ubaridi kama wa mtungini. Tukamwambia mwenzetu, "Hapa hapana joto la mabati." Lakini haki itendeke kwa mabati vilevile. Tabora hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili, na paa la udongo huitaka familia ilipande na kulitengeneza kila mwaka, la sivyo litashuka. Mchwa hula nguzo. Na katika nyufa za kuta za udongo hukaa papasi, wadudu waletao homa ya kurudiarudia, ambayo wasafiri wa njia hii waliiogopa sana. Basi asidhani mtu kwamba twawashauri Wakristo warudie tembe. Twasema tu kwamba waliolijenga walikuwa wamefikiri.

Habari za Livingstone katika nyumba hii wengi mmezisoma, nasi tutazipita upesi. Stanley alifika Unyanyembe mwezi Juni 1871 akimtafuta, akamkuta Ujiji mwezi Novemba, na wote wawili wakaja hapa tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani ili amletee watu wa kumchukulia mizigo. Livingstone akabaki hapa akingoja zaidi ya miezi mitano, akiandika, akitazama mvua na nyota, akitengeneza hata jibini kwa ajili ya safari, mpaka tarehe 25 Agosti alipoondoka kwenda kusini. Hakurudi tena akiwa hai. Alifariki katika kijiji cha Chitambo tarehe 1 Mei 1873, na watu wake, Susi na Chuma na wenzao, wakauchukua mwili wake, wakapita nao hapahapa Unyanyembe, mpaka pwani.

Hayo tuliyafundishwa shuleni. Bali yuko mtu mmoja ambaye hatukufundishwa habari zake, nasi tulizisoma tukiwa watu wazima katika kitabu cha safari cha Livingstone mwenyewe. Jina lake ni Halima. Alikuwa mtumwa, mke wa Amoda, na ndiye aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Katika miezi ile ya kungoja Unyanyembe aligombana na mwanamke mwenzake, Ntaoeka, akakimbia nyumba. Livingstone akatuma barua ya kumtafuta, lakini Halima alirudi kwa hiari yake. Ndipo Livingstone alipoandika kwamba huyu mwanamke ana bidii na akili, hakupata kuiba hata mara moja wala hakumwacha mumewe aibe, na kwamba katika msafara wake wote hakuna aliye bora kumpita. Akampa nguo nzito ya kumkinga na baridi. Akaandika tena kwamba wakifika Unguja atampa uhuru wake, na kumnunulia nyumba na bustani.

Tulimsimulia mwenzetu habari hii tukiwa tumekaa kivulini uani. Alinyamaza, kisha akauliza, "Akaipata?" Tukamjibu kwamba Livingstone alikufa kabla ya kufika Unguja. Akanyamaza tena. Halafu akasimama, akamwendea mzee aliyekuwa akituongoza, akamwuliza kwa adabu, "Baba, jiko lilikuwa wapi?" Mzee akanyosha mkono kuonyesha ua. Mwenzetu akaanza kutembea toka mlango mkubwa mpaka pale uani, akihesabu hatua kwa sauti ndogo, akarudi, akahesabu tena kwa njia nyingine. Sisi wakati huo tulikuwa tukiandika habari za boriti. Tulipomwuliza anafanya nini, alisema, "Wewe tazama mlango, Mwalimu. Mimi natazama moshi ulikopitia."

Na mlango ulistahili kutazamwa. Wasiojua milango ya pwani wajue kwamba fundi huchonga kizingiti cha juu, miimo miwili, na mfaa wa katikati unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. Na nakshi zake huwa maua, majani, mawimbi, samaki, na mara nyingi mnyororo unaozunguka ukingoni. Wengine husema mnyororo huo ni ishara ya kulinda nyumba, wengine husema ni kumbukumbu ya biashara ya watu. Tulisimama hapo muda mrefu, nasi tukahojiana. Sisi tulisema kwamba Mkristo hawezi kuusifu mlango wa namna hii kwa moyo mweupe, kwa kuwa fedha iliyoulipia ilitoka katika pembe za ndovu na katika shingo za wanadamu. Mwenzetu akasema, "Aliyenunua ni mmoja, aliyechonga ni mwingine. Huyu aliyechonga, labda naye alikuwa mtumwa. Nikiudharau mlango, nitakuwa nimemdharau nani?" Hatukuwa na jibu, na mpaka leo tunaandika hatujalipata. Mwaka 2006 Serikali ya Tanzania iliitia njia hii ya misafara, pamoja na Kwihara, katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, nayo katika orodha hiyo yaitwa kwa jina lake la wazi, njia ya biashara ya watumwa na pembe. Twaona ni vema jina hilo halikufichwa.

Wakati wa kurudi ndipo tulipoambiwa neno lililotufanya tuiandike habari hii. Tulikuwa tukizungumza juu ya ua wa tembe, jinsi mtu aliyekaa uani anavyowaona watoto, na jiko, na mgeni anayeingia, vyote kwa mara moja. Mwenzetu akasema, "Jiko letu lililoanguka lilikuwa nyuma ya mwarobaini. Hatua 34 toka sebuleni. Nazijua, nimezipita miaka 20. Walimu wakija, na Padri akija, nasikia mnacheka, lakini sijui mnacheka nini. Nikiingia na chakula mnanyamaza ili mniambie asante. Kisha natoka. Na katika ramani yako mpya sebule imekuwa kubwa zaidi, na jiko hukulichora kabisa."

Ndugu walimu, sisi ndio tunaowafundisha wachumba kila Alhamisi ya kwamba wawili watakuwa mwili mmoja. Tulitafuta neno la kusema, tukatembea mpaka mwembe mwingine, tusilione. Ilikuwa kweli kwamba hatukulichora. Hatukulisahau kwa ubaya. Tulidhani litajengwa tu mahali lilipokuwa, kama vile jua linavyotoka upande uleule. Tukasema, "Tumekosa, Mama." Akasema, "Haya, tutembee, jua linachoma." Na kikapu akakichukua yeye.

Jioni ile Cheyo shemeji alituletea kitabu chenye picha za sanaa za kale, maana alikuwa amesikia shabaha ya safari yetu akaona haya kutuachia milango ya Waarabu peke yake. Humo tukaona kiti cha enzi cha mti, chenye miguu mitatu na egemeo refu, na katika egemeo hilo imechongwa sura ya mtu. Kiti hicho kilitoka Buruku, katika Unyanyembe hii hii, kwa mtemi mwanamke. Wadachi walikichukua mwaka 1898, nacho kimewekwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Tunakiri kwamba tulikuwa tumekaa katika nchi hii maisha yetu yote tusijue kwamba mafundi wake walichonga kitu kama hicho. Wakati wa utoto wetu tuliambiwa kuwa kuchonga sura ni mambo ya mizimu, tukaamini, wala hatukuuliza ni sura ya nani. Mwenzetu alikitazama kiti kile akasema jambo moja tu, kwamba mwanamke aliyekikalia hakuwa akila jikoni.

Si Wakristo wote walioogopa sanaa hiyo. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita White Fathers, alijenga kuanzia miaka ya 1950 kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, akalipamba kwa alama za watemi, akaweka na makumbusho pembeni. Hatujafika huko. Lakini usiku ule iliamuliwa kwamba safari ya pili, Mungu akipenda, itakuwa ya Bujora, na aliyeamua si sisi.

Siku ya pili tulizunguka mjini. Boma la Wadachi tuliliona kwa mbali, kwa kuwa limo mikononi mwa jeshi na si mahali pa kuzurura na kalamu. Wadachi walimshambulia Mtemi Isike wa Unyanyembe, na mwezi Januari 1893, alipoona ngome yake imeingiwa, alijilipua kwa baruti kuliko kushikwa. Ukuta wa mshindi umesimama. Wa mshindwa hatukuonyeshwa. Shule ya Tabora tulipita mbele yake kwa heshima, maana Mwalimu Nyerere alisoma humo tangu 1937 hata 1942, na baadaye akarudi katika mji huu kufundisha katika shule ya St. Mary's, toka 1946 hata 1949.

Penye stesheni tulikaa zaidi. Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na kwa muda mfupi ikaua kazi ya upagazi iliyokuwa imelisha nchi nzima. Jengo la stesheni lina paa la mwinamo mkali, kama kofia iliyovutwa masikioni. Mwenzetu akauliza kwa nini lilijengwa hivyo. Tukamweleza kwamba katika nchi ya Wadachi huanguka theluji, na paa likiwa bapa theluji hukaa juu yake hata ikalivunja, kwa hiyo mafundi wao walizoea kuinua paa. "Na hapa Tabora theluji ilianguka mwaka gani?" akauliza. Tulicheka, lakini neno lake lina maana. Mtu akihama hubeba paa la kwao kichwani, kama vile tajiri wa Kiomani alivyobeba mlango wake. Sisi wenyewe ramani yetu ya sebule kubwa tuliichukua katika nyumba moja ya misheni tuliyoiona ujanani, ambayo aliyekaa ndani yake hakuwa na mke wala watoto.

Katika karakana ya reli ya mji huu ilifanyika sanaa moja ambayo watu wachache wa Tabora wanaijua. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilipokuwa zimeifunga pwani na fedha ikawa imewaishia Wadachi, walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakapiga hapa sarafu za rupia 15. Upande mmoja una tai wa ufalme wao, upande wa pili una ndovu aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake. Aliyeichonga chapa yake alikuwa fundi wa dhahabu, Msinhala, mtu wa kisiwa kinachoitwa leo Sri Lanka. Zilipigwa zaidi ya 16,000. Tarehe 19 Septemba mwaka uleule majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi ile ikakoma. Twaona ajabu kwamba katika mji uliotajirika kwa meno ya ndovu, picha nzuri ya ndovu aliye mzima ilichongwa na mgeni, wakati wa vita, katika kiwanda cha kutengenezea magari ya moshi. Sasa watu wa Ulaya na Marekani huzinunua sarafu hizo kwa bei kubwa.

Jumapili tulisali Misa katika Kanisa Kuu, tukarudi Cheyo, tukafungua daftari. Ramani ya kwanza hatukuifuta, tuligeuza karatasi. Tukampa mwenzetu kalamu, naye akasema hajui kuchora, kisha akachora kwa muda wa saa nzima bila kuinua kichwa. Sebule ikapungua hatua mbili. Vyumba vikazunguka ua kwa pande tatu, kama Kwihara, lakini paa likabaki la mabati yenye mwinamo wa kutosha mvua zetu, na madirisha yakatazama nje, kwa sababu hatuna pembe za kuficha. Jiko likawa katika kona ya ua, limeshikana na ukuta wa sebule, na bomba la moshi limetokea juu; na katika ukuta ule wa katikati akaweka dirisha. Tulimwonya ya kwamba harufu ya vitunguu itawafikia wageni. Akasema wageni hao vitunguu wanavila. Tukabishana kidogo juu ya choo, na hapo sisi tulishinda. Nyuma ya jiko akachora mstari mrefu, akaandika kwa mkono wake neno moja: bustani.

Siku ya kuondoka, baada ya kununua asali ya Padri, tulipita kwa seremala mmoja. Tabora ina mninga mzuri, na mlango wa mninga hauliwi upesi na mchwa. Fundi alitutandikia mbao, akapiga moja kwa kidole ili tusikie mlio wake, akatuuliza kama mlango ni wa sebule, apate kuchonga ua dogo juu ya kizingiti. Mwenzetu akajibu kwamba wa sebule utangoja. Huu ni wa jiko, na ua dogo achonge vilevile. Fundi akashika kalamu yake, akatutazama sisi, akauliza upana. Tukamwambia, "Vipimo anavyo yeye."